Pikipiki ya kwanza: lita moja ya petroli inaishia wapi?

"Kaka, nichukue 125 au 150?"

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia saa tatu usiku, nikiwa bado maabara. Ameajiriwa ualimu juzi tu, shule iko nje kidogo ya mji wa Mbeya, yeye kapanga mjini. Kwenda kilomita 14, kurudi 14, na nauli za bodaboda zilikuwa zinaumaliza mshahara kabla ya tarehe 20. Hela ya pikipiki ilikuwa nusu akiba yake, nusu mama aliuza ng'ombe. Na mama hana ng'ombe wa pili.

Nilitaka kumjibu palepale, nikakumbuka yangu. Mwaka wa kwanza wa masters, hapa Morogoro, nilinunua 200 iliyotumika kwa sababu ilikuwa nzuri kuitazama. Tangi limeinuka, kiti kiko juu, usukani uko chini, mwenyewe nikajiona dereva wa mashindano. Miezi mitatu baadaye viganja vilikuwa vinakufa ganzi, mgongo unauma, na lita moja hainifikishi kilomita 30. Siku ya kuiuza nilipata hasara ambayo sijamwambia mtu wa nyumbani hadi leo (mama, kama unasoma, samahani).

Kwa hiyo nikamwambia anipe siku mbili nipige hesabu. Hesabu zenyewe ndizo hizi, ni za fizikia ya kidato cha nne tu, na unaweza kuzirudia kwa barabara yako.

Tuanze na petroli. Lita moja imebeba nishati ya takribani megajuli 33. Ni nyingi sana, ila injini ndogo ya pikipiki inageuza kuwa mwendo kama asilimia 20 hadi 25 tu. Iliyobaki inatoka kama joto kwenye ekzosi na kwenye yale mapezi ya silinda yanayokuunguza mguu. Hiyo asilimia 20 ndiyo mtaji wetu. Inaliwa na nani?

Wa kwanza ni tairi. Tairi likizunguka linabonyea na kurudi, na kila kubonyea kunakula nishati. Chukua pikipiki ya kilo 125 na mtu wa kilo 75, jumla 200. Kwenye lami, ukinzani wa tairi ni kama nyutoni 40, yaani kama vile kuna mtu anakuvuta kwa nyuma kwa uzito wa mfuko wa kilo 4. Upepo wa tairi ukipungua, mfuko unaongezeka uzito.

Wa pili ni hewa, na huyu ndiye mwizi mkubwa. Mtu aliyekaa wima juu ya pikipiki ana umbo baya sana kwa hewa, ni kama umesimamisha mlango. Kwa kilomita 50 kwa saa hewa inakusukuma nyuma kwa nyutoni 70 hivi. Ukifika 80 hazipandi kwa kiasi kilekile cha mwendo. Zinapanda kwa kipeo cha pili, unakuta karibu 180. Mfuko wa kilo 7 umekuwa wa kilo 18.

Sasa jumlisha. Kwa mwendo wa 50, tairi na hewa pamoja ni nyutoni 110, kwa hiyo kila kilomita inadai kilojuli 110. Injini ikiwa inatumia asilimia 20 ya mafuta, lita moja itakupeleka kilomita 60. Kwa mwendo wa 80 hesabu ni nyutoni 220. Hata tukiipendelea injini tuseme inafanya kazi kwa asilimia 25, maana injini hufanya vizuri zaidi ikipewa mzigo wa kutosha, lita moja inakupeleka kama 37. Pikipiki ni ileile na dereva ni yuleyule. Ndiyo maana ukienda kijiweni ukauliza "hii inakula lita ngapi", utapata majibu matano kwa watu watano na wote wanasema kweli.

Kuna na wa tatu: kusimama. Pikipiki ya kilo 200 ikiwa kwenye 50 imebeba kilojuli 19 za mwendo. Ukikamata breki zote zinageuka joto, kisha unazinunua upya. Kila kusimama namna hiyo ni kama mililita 3 za petroli, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Inaonekana ndogo, ila fikiria foleni ya Dar na mtu anayevuta mafuta kwa nguvu halafu anafunga breki nyuma ya daladala mara 100 kwa siku. Hiyo ni karibu theluthi moja ya lita inayoishia kwenye breki.

Tugeuze hesabu upande wa pili, tuulize nguvu inayohitajika. Kukaa kwenye 50 tambarare kunahitaji kilowati 1.5, yaani hosipawa 2. Mbili! Kwenye 80 zinahitajika kama 6 na nusu. Pikipiki ya 125 ya kawaida hapa kwetu ina hosipawa 10 hivi, ya 150 ina kama 12. Kwa hiyo mtu wa mjini asiyevuka 50 anatumia sehemu ndogo tu ya injini yake, iwe 100 au 200.

Hapo ndipo injini kubwa inapoanza kukuumiza. Injini ya petroli inapewa kazi ndogo kwa kubanwa koo: kile kifuniko cha hewa kinafungwa karibu chote, na pistoni inavuta hewa kupitia kitundu kidogo. Umewahi kunywa juisi ya ukwaju kwa mrija uliobanwa na meno? Unachoka kabla juisi haijafika mdomoni. Injini ya 200 inayoambiwa itoe hosipawa 2 inafanya hivyo kutwa nzima. Ongeza msuguano wa pistoni kubwa na uzito wa chuma chake. Ndogo inayofanya kazi hiyohiyo inakuwa imefungua koo zaidi na inapoteza kidogo.

Lakini usikimbilie kununua 100. Mtu anayetoka Morogoro kwenda Dodoma kila wiki, saa nzima kwenye 80, akiwa na 100 ya hosipawa 8 anaikamua karibu yote. Inapiga kelele, inachemka, na inatetemeka. Injini ya silinda moja inatetemeka mara moja kwa kila mzunguko: kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ni mara 100 kwa sekunde, na tetemeko hilo linapanda kwenye usukani na pale unapokanyagia. Ganzi ya viganja vyangu ilikuwa hiyo, pamoja na usukani wa chini uliofanya mikono ibebe uzito wa kifua. Kwa safari ndefu za namna ile, 150 inayozunguka taratibu inaweza kukulia mafuta sawa na ndogo iliyokamuliwa, na ukashuka bado unahisi vidole vyako.

Sasa Mbeya. Huko kuna mambo mawili ambayo hayapo Dar: mlima na mwinuko. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kwa asilimia kati ya 15 na 20. Injini inakula hewa, hewa ikipungua nguvu inapungua kwa kiasi hichohicho. Ile 125 ya hosipawa 10 inabaki na 8 na kitu.

Nikamuuliza mdogo wangu barabara ikoje. Kilomita 5 za lami, zilizobaki vumbi, kuna kipande kikali cha kupanda, na mwendo hauzidi 40. Nikachukulia mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda 8. Yeye ni mwembamba, kilo 60, pikipiki 120. Mvutano wa mlima peke yake ni nyutoni 141, tairi 35, hewa chini ya 40. Kwa kilomita 40 kwa saa ni hosipawa 3 na kidogo. Akimbeba mwalimu mwenzake wa kilo 70, inafika 4 na kitu. Injini ina 8. Nilirudia hesabu mara mbili kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia achukue 150 "kwa ajili ya milima". Kumbe 125 inatosha na chenji inabaki. Angekuwa anabeba magunia ya viazi ningesema mengine.

Kwa pesa je? Anatembea kilomita 28 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, 616. Nilikadiria kwa barabara ile 125 itampa 45 kwa lita, na kubwa anayoitamani 35. Kwa urahisi tuseme lita ni shilingi 3,000: ni kama 41,000 kwa mwezi dhidi ya 52,800. Tofauti ni karibu 12,000 kila mwezi, na dukani alitajiwa tofauti ya laki tatu juu ya hapo.

Upande wa kustarehe, kwa barabara yake tetemeko la injini halikuwa tatizo. Tatizo ni vumbi lenye mikunjo kama bati. Mwili wa mtu aliyekaa, ukitikiswa juu na chini, unaumia zaidi kwenye mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu hapo ndipo kiwiliwili chenyewe kinapoitikia, tumbo na uti wa mgongo vinacheza ngoma moja na barabara. Mikunjo ikiwa imeachana sentimita 60, ukipita kwa kilomita 15 kwa saa unapata mitikisiko 7 kwa sekunde. Umeingia palepale pabaya. Ukienda 40 inakuwa 18 na unahisi barabara imelainika ghafla. Wale jamaa wanaopaa kwenye vumbi wanajua wanachofanya, nusu yake. Nusu wasiyoijua ni kwamba tairi pale linaruka, haligusi ardhi muda wote, na breki au kona haifanyi kazi kwenye hewa. Mdogo wangu nilimwambia akae pembeni ya barabara ambako mikunjo ni midogo, na avumilie.

Kwa hiyo cha kuangalia dukani kilikuwa kwingine kabisa. Shokapu za nyuma zinazoweza kukazwa na kulegezwa, maana nyingi zinatoka dukani zimekazwa kwa abiria wawili na mtu wa kilo 60 anarushwa kama mpira. Kiti kipana na cha bapa: bonyeza kwa kidole gumba, kikigusa ubao haraka, mifupa ya makalio yako itaugusa pia. Usukani unaofikiwa bila kuinama. Kaa juu yake dakika 15 nzima, muuzaji akikunja uso mwache akunje.

Na urefu wa kiti. Hili hatulisemi kwa sababu si la kisayansi sana, ila mimi nilianguka kwenye makutano, mwendo sifuri, mbele ya kituo kizima cha daladala, kwa sababu mguu haukufika chini. Pikipiki nyingi za kawaida kiti kiko sentimita 77 hadi 80 hivi. Zile ndefu za porini zinapita hapo. Mgeni anatakiwa akanyage chini kwa miguu yote miwili, angalau nusu ya mbele ya nyayo. Vaa viatu utakavyoendeshea, sio vile vya harusi.

Akachukua 125, kiti kifupi, na chenji ikanunua helmeti nzuri. Nikampa kazi moja: ajaze tangi hadi shingoni, aandike kilomita, aendeshe wiki mbili, ajaze tena hadi palepale, agawanye kilomita kwa lita alizoongeza. Usiamini geji, wala karatasi ya tangazo, maana ile hupimwa kwa utaratibu maalumu ambao hauna vumbi la shuleni kwako.

Akaniletea 41. Mimi nilisema 45. Akaandika, "Kaka, masters yako imepungukiwa 4."

Nikamwambia afungue plagi anipigie picha. Nyeusi, masizi matupu. Pikipiki yake ni ya kabureta, na kabureta haijui iko Mbeya: inamimina petroli kana kwamba hewa ni nzito kama ya pwani. Kwa mwinuko ule mchanganyiko unazidi mafuta kwa kama asilimia 8 au 9, na 45 ukiipunguza hivyo inatua palepale kwenye 41. Zile za injection zina kihisi cha mgandamizo wa hewa, zinajirekebisha zenyewe, ila bei yake iko juu na si kila fundi wa kijijini anazigusa. Fundi wa mtaani kwake akambadilishia jeti ndogo na kurekebisha skrubu ya hewa. Nilimsisitiza plagi itoke rangi ya kahawia, isiwe nyeupe, maana nyeupe ni dalili kwamba mafuta yamepunguzwa mno na injini inachemka.

Kipimo cha mwisho alichotuma ni 44. Ile moja iliyobaki anasema ni mwalimu wa hisabati anayempa lifti kila Ijumaa.