Injini Inapochemsha Juu ya Theluji

Pikipiki ya theluji huchemsha. Iko mlimani, mwezi wa nne, theluji imeizunguka pande zote, na bado taa ya onyo inawaka kumtaka mwendeshaji azime injini. Jambo hilo lilinikaa kichwani hadi nikalifuatilia.

Mashine nyingi za milimani hazitegemei rejeta yenye feni. Maji ya kupoza injini hupita kwenye vipoza bapa vilivyo chini ya kiti, juu ya mkanda wa mpira unaosukuma mashine. Mkanda ukizunguka hurusha theluji juu. Theluji inagonga vipoza, inayeyuka, inaondoka na joto. Theluji hiyohiyo hulainisha vipande vya plastiki ambavyo mkanda huteleza juu yake. Sasa uso wa theluji ukiganda ukawa mgumu kama saruji, mkanda unakosa cha kurusha. Maji yanachemka, plastiki inalika. Dawa yake inachekesha kwa udogo wake: vijiti viwili vya chuma vyenye springi, vinavyoburuzwa chini vikikwangua barafu, ili unga wake urushwe kwenye vipoza.

Vikwanguo hivyo vina kazi hasa mwishoni mwa msimu, theluji ya mabondeni inapokuwa imekwisha na wapenzi wa pikipiki hizi wanakimbilia Cooke City, kijiji cha Montana karibu na lango la kaskazini-mashariki la hifadhi ya Yellowstone. Juu yake inapita barabara ya Beartooth, inayofika mita 3,337, na ambayo kwa kawaida magari huisubiri ifunguliwe hadi mwishoni mwa Mei.

Mwendeshaji mzoefu wa milima ile atakuelekeza kwenye miteremko inayotazama kaskazini, jua lisikofika sana. Atakutajia vituo vya SNOTEL vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, vinavyopima theluji kwa uzito: mfuko mpana wenye maji yasiyoganda umelazwa chini, theluji inaulalia, na mgandamizo wake unahesabiwa kuwa kiasi cha maji. Takwimu hizo ni muhimu kwa wakulima wanaongoja maji ya kumwagilia. Mwenye pikipiki naye anazisoma hizohizo. Lakini swali lake la kwanza litahusu usiku: je, theluji iliganda?

Ikiganda, asubuhi uso unabeba mashine na mteremko umetulia, ila injini ndiyo inayochemsha. Jua likipanda, theluji inalainika, injini inapoa, raha inaanza. Ndipo maji yanapopenya chini na mteremko mzima unaweza kuporomoka. Mjuzi hupanda alfajiri, vikwanguo vimeshushwa, na huiacha miteremko mikali mara buti linapoanza kuzama kupita kifundo. Theluji isipoganda usiku, haendi kabisa.

Yapo asiyoweza kuyajibu. Dubu wa Yellowstone huanza kutoka mapangoni mwezi wa tatu, wakiwa na njaa; kelele za injini zinawafukuza wapi? Tangu katikati ya karne iliyopita, theluji ya majira haya imepungua sehemu nyingi za magharibi mwa Marekani, na mashine zinazoifuata zinachoma petroli. Na mwenye hamu atakubali vipi kwamba msimu umekwisha, ikiwa mizani ya mlimani bado inasoma theluji?