Kabla hujamnunulia mwanao kompyuta, kitazame kioo chake

Kwa wiki tatu mdogo wangu, mwanafunzi wa kidato cha sita, alilalamika kichwa kumuuma kila ikifika jioni. Mama alishaanza kutenga fedha za miwani. Tulipompeleka kupima, macho yalikuwa mazima. Ndipo daktari akataka kujua huwa anasomea wapi.

Husomea sebuleni, mgongo ukielekea dirisha la magharibi, na kompyuta mpakato tuliyomnunulia ina kioo kinachong’aa. Kuanzia saa tisa alasiri, kabla hajaona maandishi, anaona dirisha, pazia na uso wake mwenyewe. Ili asome, anapinda shingo na kukaza macho mpaka giza liingie.

Dukani tuliuliza bei, betri na ukubwa wa hifadhi. Kioo, ambacho angekitazama saa nyingi kila siku, hatukukiuliza.

Kung’aa au mati?

Aliyewahi kupaka rangi nyumba ataelewa haraka: silki inang’aa, mati haing’ai. Kioo kinachong’aa ni laini kabisa, hivyo hurudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Katika chumba chenye mwanga kidogo, rangi zake hukolea na nyeusi huwa nyeusi kweli. Kinafaa kwa filamu na picha za usiku.

Kioo cha mati uso wake hutawanya mwanga. Dirisha lililo nyuma yako haliondoki, ila hugeuka ukungu hafifu usiosumbua sana. Hasara yake ni kwamba rangi huonekana zimepoa kidogo, na kwenye ukurasa mweupe baadhi ya watu huona chengachenga. Kwa anayesoma na kuandika mchana kutwa, mara nyingi mati ndiyo nafuu.

Anayetazama kutoka pembeni

Hapa wengi hukosea. Kung’aa au kutong’aa si jambo linaloamua kama bibi aliyekaa mwisho wa kochi ataona picha sawa na aliye katikati. Hilo hutegemea paneli iliyo chini ya kioo. Paneli za TN, zilizozoeleka kwenye kompyuta za zamani na za bei nafuu, hubadilika rangi unapoinuka au kusogea: sura hupauka au kuingia giza. IPS na OLED hutunza rangi vizuri zaidi ukiwa pembeni. Zipo TN za mati na IPS zinazong’aa, kwa hiyo pima yote mawili.

Jaribu ukiwa dukani

Kompyuta ikiwa imezimwa, jitazame kwenye kioo. Ukijiona waziwazi, kinang’aa. Kisha iwashwe, ufungue picha ya watu. Itazame ukiwa umekaa, simama, sogea kushoto na kulia. Rangi ya ngozi ikibadilika sana, familia yako haitaifurahia pamoja. Mwisho, isogeze karibu na mlango penye mwanga wa jua, ongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, ujaribu kusoma.

Kama umeshanunua

Sisi hatukuiuza. Tuligeuza meza ili dirisha liwe ubavuni, si mgongoni wala usoni. Kioo kiko umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu hauzidi usawa wa macho, na mwanga wake unalingana na wa chumba. Ipo pia karatasi ya mati ya kubandika juu ya kioo. Hupunguza mwako, ingawa maandishi hufifia kidogo.

Hata kioo kizuri hakiondoi haja ya kupumzika. Tukitazama kompyuta tunapepesa macho mara chache, nayo hukauka. Kila baada ya dakika 20, mtoto atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Usikimbilie miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Chuo cha Madaktari wa Macho cha Marekani hakiipendekezi kwa watumiaji wa kompyuta.

Maumivu yasipoisha, au mtoto akisogeza uso karibu na daftari au kufinya macho akitazama ubaoni, usibahatishe kwa kuhamisha meza. Mpeleke apimwe.

Mdogo wangu sasa anamaliza jioni bila kulalamika. Fedha za miwani Mama alinunulia pazia zito.