Fedha za Dharura za Miji ya Ujerumani

Neno la Kijerumani Notgeld limeundwa kwa maneno mawili: Not, yaani haja au dhiki, na Geld, yaani fedha. Kwa maoni yangu, dharura lafaa zaidi kulifasiri kuliko dhiki. Kwani dhiki ni taabu tu, bali dharura ni jambo lisiloepukika. Na ndivyo fedha hizi zilivyozaliwa.

Vita vilipoanza Agosti 1914, watu walizificha sarafu zao, na baadaye serikali ikahitaji shaba na nikeli kwa silaha. Sarafu ndogo za kurudishia zikaadimika. Ndipo miji, benki za akiba na viwanda vikachapa noti zao wenyewe. Noti hizo zilikuwa na nguvu kwa wale tu waliomjua mwenye kuzitoa na kumwamini kwamba atazilipa. Mbali na hapo zilikuwa karatasi tupu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, zenye mafunzo zaidi ni zile za Mecklenburg. Mwaka 1921 na 1922 miji na vijiji 70 vya huko vilitoa noti za fenigi 10, 25 na 50, kwa kumkumbuka mwandishi Fritz Reuter. Juu yake yalichapwa maneno ya Kijerumani cha Kaskazini, lugha ambayo tangu karne nyingi ilikuwa imeondolewa katika maandishi ya serikali. Hata hivyo, walionunua noti hizo wengi wao walikuwa wakusanyaji. Lugha ilipewa heshima ya pambo, si ya kazi.

Mwaka 1923 miji ilichapa noti za mamilioni na mabilioni, hata Novemba ilipokuja Rentenmark, moja kwa mark za karatasi 1,000,000,000,000.

Dharura kama hiyo ilifika kwetu pia. Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, iliyozingirwa na adui, ilichapa noti zake yenyewe tangu 1915, na mwaka 1916 ilipiga sarafu Tabora, zikiwamo za Heller. Heller, iliyoanza kutumika nchini 1904, mia kwa rupia moja, imekwisha kutoweka. Lakini hela ingali midomoni mwetu. Neno hili halikuandikwa juu ya karatasi ili lipambe. Lilitumiwa sokoni kila siku, na kwa hiyo limedumu kuliko sarafu yenyewe.