Ndege wa Hori la Mida

Mida ni hori la bahari karibu na Watamu, katika pwani ya Kenya. Maji yake ni ya chumvi, na kandokando yake imeota mikoko. Hapa mtu aweza kuingia katika mtumbwi mdogo, akapiga kafi polepole, akawachunguza ndege.

Maji yanapokupwa, matope huonekana. Ndani ya matope hayo wamo kaa na minyoo, nao ndege hushuka kula. Tazameni midomo yao. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda. Huuingiza tunduni akamtoa kaa. Yangeyange ana mdomo ulionyooka wenye ncha kali. Huvizia samaki katika maji machache. Kila ndege ana mdomo unaofaa kwa chakula chake.

Maji yanapojaa, matope hufunikwa. Ndege wengi hupumzika juu ya mikoko. Kwa hiyo saa zao za kula ni chache.

Sululu hutaga mayai katika nchi za baridi za kaskazini. Kabla ya kuondoka, mnamo mwezi wa Aprili, hula sana ili mwili uweke mafuta. Mafuta hayo ndiyo nguvu ya safari. Mtumbwi ukimkaribia mno, huruka, akapoteza nguvu pamoja na wakati wa kula. Basi mchunguzi mwema husimamisha mtumbwi mbali, akanyamaza, akatazama.

Mazoezi
1. Kwa nini sululu hawezi kula wakati maji yamejaa?
2. Chunguza mdomo wa kuku na wa bata. Eleza tofauti zake.