DAMU INASEMA, LAKINI NANI ANAISIKIA?
Habari ya nyuzi nyembamba sana zinazotafuta alama za kansere



Miezi hii watu wengi wamekuja kwenye dispansari na swali moja tu: "Munganga, ni kweli kuna mashini inayoona kansere katika tone moja la damu? Iko wapi? Inaomba bei gani?" Wengine wameonyesha picha katika simu, wengine wamesikia habari sokoni. Swali ni zuri. Na jibu lake inapashwa kila mtu alijue vizuri, kwa maana kutolijua kumekwisha kutuletea msiba.

Nianze na habari ya huzuni. Baba mmoja wa miaka 46, mfanyakazi wa kiwanda, alikuwa akisikia uzito upande wa kuume wa tumbo, chini ya mbavu. Alianza kukonda. Hakuja kwetu. Alikwenda kwa mtu mmoja mwenye mashini ndogo ya taa. Akashikishwa kipande cha chuma mkononi, taa zikawaka, akaambiwa: "Damu yako ni safi." Hakuchomwa hata sindano. Alilipa, akarudi kazini na furaha. Miezi 5 ikapita. Bibi yake akamleta kwetu, tumbo limevimba, macho yamekuwa ya manjano. Ilikuwa kansere ya ini, na saa ya kumsaidia ilikuwa imekwisha kupita.

Yule mama aliniuliza: "Lakini mashini ilisema yeye ni mzima. Mashini inaweza kusema uongo?" Siku ile sikupata maneno. Leo ninamjibu yeye na ninyi wote.

KANSERE INAACHA ALAMA KATIKA DAMU

Mwili wetu umejengwa na chembe nyingi sana, ndogo kuliko vumbi. Kila chembe inazaliwa, inafanya kazi yake, kiisha inakufa na kuachia nyingine nafasi. Kansere ni chembe zilizoasi: zinakataa kufa, zinazaana bila amri, zinaingia mahali pa wengine.

Chembe hizo zinaweza kutupa katika damu vitu fulani vinavyoitwa protini, au kuvitupa kwa wingi kuliko desturi. Ni kama moshi unaoonyesha kwamba mahali fulani kuna moto. Mwaka 1965, waganga wawili wa Montreal katika Kanada, Phil Gold na Samuel Freedman, walitangaza alama moja ya kansere ya matumbo, inaitwa CEA. Kwa kansere ya ini kuna alama inayoitwa AFP. Kwa kansere ya prostati, ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu cha mkojo, kuna PSA.

Shida ni kwamba alama hizo ni kidogo ajabu. Kwa PSA, waganga wamezoea kuanza kuwa na mashaka wakikuta nanogramu 4 katika mililita 1 ya damu. Wewe mfanyakazi wa shaba utanielewa haraka. Jiwe zuri linaweza kuwa na kilo 3 za shaba katika kilo 100. Lakini alama hii ni kama gramu 4 zilizofichwa katika tani 1.000 za mawe! Mashini gani itaweza kuziona?

UZI MWEMBAMBA KULIKO UNYWELE

Hapa ndipo wataalamu walipoleta nyuzi zao. Uzi huo unatengenezwa na silisiumu, kitu kinachopatikana katika mchanga na ambacho kinatumiwa pia ndani ya redio na simu. Unene wake ni kama nanometri 20. Ukilaza nyuzi kama hizo 4.000 moja kando ya nyingine, ndipo utapata upana wa unywele mmoja wa kichwa chako.

Fundi wa umeme atauliza: kwa nini silisiumu, na shaba yetu iko? Sababu ni hii. Shaba inapitisha umeme kwa wingi mno, kama barabara kubwa ya malori. Mbuzi mmoja akisimama kando ya barabara ile, hakuna dereva anayepunguza mwendo. Silisiumu inapitisha umeme kidogo, na uzi ukiwa mwembamba hivi unakuwa kama njia ya miguu katika majani marefu. Mbuzi mmoja akisimama kando ya njia hiyo, kila mpitaji anamsikia.

Sasa angalieni kazi inavyofanyika:

1. Juu ya ngozi ya uzi wanabandika kingamwili. Hao ni askari wa mwili ambao kila mmoja anamjua adui wake mmoja tu. Askari wa PSA hashiki kitu kingine.

2. Wanapitisha maji ya damu juu ya uzi. Kama PSA imo, askari wanaishika na kuikaza.

3. PSA inabeba chaji kidogo ya umeme. Ikishikwa kwenye ngozi ya uzi, umeme unaopita ndani ya uzi unabadilika: unaongezeka au unapungua.

4. Chombo cha kupimia umeme, ndugu wa amperemita mnayoijua, kinaonyesha badiliko hilo papo hapo.

Kundi la Charles Lieber wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilionyesha mwaka 2001 kwamba nyuzi hizi zinaweza kusikia protini. Mwaka 2005 kundi lake lilipanga nyuzi nyingi pamoja, zikapima kwa mara moja alama tatu: PSA, CEA na mucin-1. Zilisikia hata kiasi kinachokaribia nanogramu moja iliyogawanywa mara 1.000, katika kila mililita.

Walifanya pia jambo la akili. Walitumia nyuzi za namna mbili zinazojibu kinyume. Alama ya kweli ikifika, umeme unapanda katika uzi mmoja na kushuka katika ule mwingine. Ikiwa nyuzi zote mbili zinapanda pamoja, wanajua kwamba ni fujo tu. Hivi ndivyo mzee wa baraza anavyotaka mashahidi wawili kabla ya kukata neno.

CHUMVI INAFUNIKA SAUTI

Lakini damu ina chumvi nyingi, na chumvi hiyo inafunika chaji ya ile protini. Umekwisha kujaribu kusema na rafiki kando ya mashini ya kusaga mawe? Anafungua kinywa, nawe husikii kitu. Ni hivyo. Kwa hiyo katika kazi ya 2005 iliwapasa kwanza kuiondoa chumvi.

Mwishoni mwa mwaka 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiongozwa na Mark Reed na Tarek Fahmy, walitoa habari ya njia nyingine. Chombo chao kina vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza damu nzima inapita, askari wanakamata alama, kiisha damu inaoshwa na kuondoka. Halafu mwanga wa pekee unakata kamba zinazoshika alama, nazo zinapelekwa na maji yenye chumvi kidogo mpaka chumba cha pili, ambako vipande vyembamba vya silisiumu vinazingoja. Walipima hivyo PSA na alama moja ya kansere ya maziwa ya mama, CA15.3. Walitumia mikrolita 10 za damu, chini ya tone moja, na kazi ilikwisha kabla ya dakika 20.

BASI, IKO KATIKA HOSPITALI YETU?

Hapana, ndugu zangu. Nyuzi hizi bado ni kazi ya laboratwari za utafiti. Ni vigumu kutengeneza maelfu ya nyuzi zinazofanana kabisa. Ni vigumu kuzuia vitu vingine vya damu visibandike juu yake. Na kabla ya chombo chochote kupewa wagonjwa, inapashwa kijaribiwe juu ya watu wengi, wagonjwa na wazima.

Hospitali kubwa zinapima PSA na AFP kwa njia nyingine: wanatoa damu katika mshipa kwa sindano, wanaipeleka laboratwari, na jibu linaandikwa kwa tarakimu. Kwa hiyo shikeni neno hili: pasipo damu hakuna kipimo cha damu. Mtu akikushikisha chuma mkononi na kukuambia ameona alama za damu yako, chukua franga zako uende.

ALAMA SI HUKUMU

Hata kipimo cha kweli kina mipaka. PSA inaweza kupanda kwa sababu prostati imevimba kwa uzee au imeingiwa na ugonjwa usio kansere. AFP inapanda katika mimba. Tena mtu anaweza kuwa na kansere, na alama yake isipande. Kwa hiyo munganga hakati neno kwa damu peke yake. Anakusikiliza, anakugusa, anaomba picha, na mara nyingi anaomba kipande kidogo cha nyama kitazamwe katika mikroskopi.

Mama, hili ndilo jibu langu kwako. Ile mashini ya taa haikusikia kitu katika damu ya bwana yako, kwa kuwa haikuonja damu yake. Na hata mashini bora ya ulimwengu isingeweza kufanya kazi ya munganga aliyeweka mkono juu ya tumbo lake.

TUFANYE NINI LEO?

– Maumivu au uzito tumboni usiokwisha, kukonda bila sababu, damu katika mkojo, katika choo au katika kikohozi: usingoje. Njoo wiki hii.

– Peleka mtoto kwenye chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndani yake mna kinga ya epatiti B, ugonjwa unaozaa kansere ya ini.

– Kausha vizuri mahindi na karanga. Zile zenye kuvu zitupwe. Usizisage unga wa bukari. Sumu ya kuvu inaharibu ini, na moto wa jikoni hauimalizi.

– Baba wa miaka 50 na zaidi, ukiamka mara nyingi usiku kwa mkojo, au mkojo ukikataa kutoka, usione haya kutuambia.

– Mama, ukisikia kivimbe katika ziwa, njoo. Omba pia kuchunguzwa shingo ya tumbo la uzazi. Kwa siki tu tunaweza kuona mahali palipoanza kuharibika.

– Kazini, mwaga maji wakati wa kutoboa mwamba na uvae barakoa yako. Vumbi la silisi linaweza kuleta kansere ya mapafu, na tumbaku inaongeza hatari. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuchukua nafasi ya barakoa.

Siku moja labda nyuzi hizi zitafika kwenye dispansari yetu. Siku hiyo nitafurahi kuwaita. Mpaka hapo, chombo cha kwanza cha kujua ugonjwa mapema ni wewe mwenyewe unapoamua kuja na kusema: "Munganga, kuna kitu ninachosikia." Mlango wetu uko wazi. Msipite mbele yake kwenda kununua taa.