Upasuaji wa Uso na Shingo: Mgonjwa na Familia Watarajie Nini?



Siku hizi maswali juu ya upasuaji wa uso na shingo yamekuwa mengi. Vijana wanaona katika simu picha za watu mashuhuri waliokazwa ngozi wakaonekana wachanga, nao wanauliza kama ni kweli. Lakini wapo wazazi wanaouliza kwa uchungu. Mtoto wao aliungua, kidevu kimeshikana na kifua, na wanataka kujua kama hospitali inaweza kumsaidia. Tutawajibu wote, ila tutakaa zaidi na hao wa pili, kwa sababu tatizo lao ndilo tunaloishi nalo huku Karagwe na Kyerwa.

JE, NI KWELI WANAWEKA PLASTIKI?

Hapana. Watu wengi wakisikia "upasuaji wa plastiki" hudhani mgonjwa huwekewa plastiki usoni. Neno hili lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga au kuumba. Lilitumika katika utabibu kabla plastiki tunazozijua hazijatengenezwa. Kwa Kiswahili tunasema upasuaji wa kurekebisha. Una matawi mawili: kurekebisha maumbile yaliyoharibika, na kutafuta urembo.

Matawi haya mawili ni ya mti mmoja. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji huu walianzisha huduma ya Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki, ambayo leo ni AMREF. Nao ni Michael Wood, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya. Archibald McIndoe wa New Zealand, aliyewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Na Thomas Rees wa Marekani. Huyu Rees alijulikana sana New York kwa kukaza nyuso za matajiri. Ujuzi huohuo aliuleta kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki.

KUKAZA NGOZI KWA AJILI YA UREMBO

Katika upasuaji huu daktari hupasa mbele na nyuma ya sikio, akifuata mpaka wa nywele. Hukaza nyama za chini, huvuta ngozi na kukata inayozidi. Kwa shingo hupasa pia chini ya kidevu. Mgonjwa huvimba na kuvilia damu kwa wiki mbili hivi. Matokeo yanaweza kudumu miaka kadhaa, lakini uzee hausimami, unaendelea na safari yake.

Hatari zake ni damu kujikusanya chini ya ngozi, mshipa wa fahamu kuumia hata upande wa uso ukalegea, na ngozi kufa, hasa kwa mvuta sigara. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari zaidi ya makovu yanayovimba na kukua. Kwa hiyo mtu anayeutaka afike kwa daktari bingwa aliyesajiliwa, katika hospitali inayotambulika, wala asiende kwenye saluni au vyumba vya uchochoroni. Na mwenye uvimbe shingoni asidhani ni unene au uzee. Apimwe kwanza.

KANISA LINASEMAJE?

Tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufa kwake, Papa Pio XII aliongea na madaktari wa upasuaji huu kutoka Italia. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa hauko juu ya mema yote, na kwamba upasuaji wa namna hii si dhambi kwa wenyewe. Masharti ni kwamba nia iwe safi, afya isitiwe katika hatari kubwa, na sababu iwe ya maana. Basi mzazi anayempeleka mtoto wake akarekebishwe kovu asione haya kana kwamba anafuata anasa.

KOVU LA MOTO SHINGONI

Kwetu moto uko karibu na mtoto kila siku: mafiga chini, sufuria ya ndizi ikichemka, uji wa asubuhi, kibatari usiku. Watu wenye kifafa nao huangukia mekoni. Kidonda kirefu cha moto kinapopona, kovu hujikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa bila kuwambwa. Likiwa shingoni, huvuta kidevu chini, mdomo wa chini hubinuka, mate hutoka, na mtoto hawezi kutazama juu.

Tunapokea watoto walioungua miaka mingi nyuma. Ukiuliza walikuwa wapi, unaambiwa walikuwa nyumbani, hawakupelekwa shule kwa sababu wenzao huwacheka. Familia nyingine husema ni mpango wa Mungu, nyingine husema wamerogwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto huyu hana laana. Ana kovu, na kovu hutibika.

Mara nyingi daktari husubiri kovu likomae, miezi sita hadi mwaka. Lakini usisubiri hata siku moja kama kope limevutwa na jicho halifumbi hata wakati wa kulala. Jicho hilo hukauka, hupata kidonda, na huweza kupofuka.

KABLA YA UPASUAJI

Anzia zahanati au hospitali iliyo karibu nawe, kama Isingiro kwa watu wa Kyerwa au Nyakahanga kwa watu wa Karagwe. Kazi ikizidi uwezo wa hapo, utapewa barua ya rufaa, kwa mfano kwenda Bugando, Mwanza. Uliza mapema juu ya gharama, bima, na siku ambazo madaktari bingwa hutembelea wilaya. Ukikosa nauli, mwone paroko au viongozi wa jumuiya ndogondogo. Hakuna haya katika kuomba msaada wa namna hii.

Mgonjwa atapimwa wingi wa damu, na ndugu wanaweza kuombwa kuchangia damu. Alishwe vizuri wiki kadhaa kabla: maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga na matunda. Ndizi peke yake haijengi ngozi mpya. Mwambie daktari dawa zote anazotumia, hata za mitishamba.

Siku ya upasuaji hali chakula kwa saa sita au zaidi, kama atakavyoagizwa. Bibi asimpe uji kwa huruma! Chakula kikirudi toka tumboni wakati wa nusukaputi, huingia mapafuni na kuweza kuua. Tena shingo isiyonyooka humpa mtaalamu wa usingizi kazi ngumu ya kupitisha mpira wa hewa kooni. Ndiyo sababu upasuaji huu haufanywi mahali popote.

BAADA YA UPASUAJI

Daktari hulikata kovu, shingo ikanyooka. Hapo hubaki kidonda kipana, nacho hufunikwa kwa ngozi nyembamba iliyotolewa pajani mwa mgonjwa mwenyewe. Msishtuke basi mtoto akitoka na bendeji mbili. Paja ndilo litakalomuuma zaidi siku za kwanza, nalo hupona kwa wiki mbili hivi.

Bendeji ya shingo mara nyingi haifunguliwi mpaka siku ya tano. Ngozi iliyopandikizwa ni kama mche wa kahawa: ukiutikisa kabla haujashika mizizi, unakufa. Wageni wasimwinue wala kumkumbatia shingoni. Pengine sehemu ndogo haishiki, ikabidi kurudia.

Familia ijue pia mambo haya:

1. Ngozi mpya haitafanana na ya zamani. Itakuwa nyeusi zaidi au nyeupe zaidi, na kovu halitafutika lote. Lengo ni shingo igeuke, mdomo ufunge, mtoto ale na kusoma.

2. Kola ya shingo huvaliwa usiku na mchana kwa miezi, mara nyingi sita au zaidi. Wengi huivua wakifika nyumbani kwa sababu inawasha na ina joto. Kovu hujikunja tena, na kazi yote inapotea.

3. Vidonda vikishafunga, pakeni mafuta ya kulainisha na kukanda kovu kila siku. Mazoezi ya kutazama juu, kulia na kushoto yafanyike kama mlivyofundishwa. Juani avae kofia au kitenge.

4. Mtoto anakua, lakini kovu halikui naye. Anaweza kuhitaji upasuaji mwingine baadaye. Msivunjike moyo.

5. Rudini hospitali haraka mkiona homa, usaha, harufu mbaya au damu.

USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA

Mtu akiungua, mvue nguo na ushanga, mwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala majivu.

Kama ameungua shingoni, asilalie mto. Wekeni nguo iliyokunjwa chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma na shingo inyooke. Mtoto atalia, kwani kuinama ndiko kunampa nafuu. Lakini namna anayopata nafuu ndiyo namna kovu litakavyomfunga. Inueni meko juu ya ardhi, mikono ya sufuria igeukie ndani, na mwenye kifafa ameze dawa zake kila siku.

Ndugu, kama katika kijiji chako, iwe Kaisho, Nkwenda, Bugene au Kituntu, kuna mtoto anayefichwa kwa sababu ya kovu, ongea na wazazi wake kwa upole wiki hii, baada ya sala ya jumuiya. Waambie njia ipo. Kama wanaogopa hospitali, fuatana nao.