Moyo Ule Haukuwa wa Mwanangu

"Mtoto anadunda vizuri kabisa, mama. Mia na ishirini na nane!" Nesi aliniambia hivyo huku akitabasamu, nami nikamtumia mume wangu meseji pale nje ya leba: usihofu, mambo poa. Kumbe, wapenzi wasomaji, mapigo yale yalikuwa yangu mwenyewe!

Inawezekanaje? Moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Wa mama huenda polepole zaidi, ila uchungu ukikolea nao huweza kupanda mpaka huko huko. Kifaa kikikaa vibaya tumboni, hunasa mishipa ya mama na kutoa namba nzuri tu. Mashine huhesabu ilichosikia. Kujua ni moyo wa nani ni kazi ya binadamu, na binadamu huchoka. Nesi wangu siku ile alikuwa peke yake na wajawazito sita.

Aliyetuokoa ni mkunga mmoja mtu mzima aliyeingia zamu. Akaweka kifaa tumboni, akanishika mshipa wa mkononi, akatulia. Vilikwenda pamoja! Akahamia upande wa pili, akatafuta, akapata themanini na tano. Haraka nikapelekwa kupasuliwa. Binti yangu alitoka kimya, akasaidiwa kupumua, ndipo akalia.

Usidhani ni shida ya kwetu tu. Uingereza na Ireland waliwajaribu wanawake zaidi ya 46,000, wengine wakitumia kompyuta inayosaidia kusoma grafu za mapigo. Matokeo ya 2017 yalionyesha kuwa kompyuta haikuwafanya watoto wawe salama zaidi.

Sasa shosti, ukiwa leba, mapigo ya mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, na wakati wa kusukuma kila dakika 5. Na uulize, bila jeuri: "Samahani dada, huo ni moyo wa mtoto au wangu? Naomba unishike na mkono tuhakikishe." Mfundishe na mumeo swali hilo, maana uchungu unasahaulisha.

Yule nesi alinifuata wodini kesho yake, akalia kuliko mimi. Nilimsamehe. Lakini najilaumu kidogo: nilipoambiwa ile namba nilifurahi, sikuuliza. Wewe uliza.